Ndoo Namba Saba

Merrylands, Sydney
6 Juni 2021

Mdogo wangu Ben,

Boksi lako la kwanza limefika Ijumaa. Vichupa arobaini na nane, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Shikamoo uliyoiandika kwa wino mwekundu juu ya mfuniko nimeiitikia, marahaba, ila jamaa wa mapokezi alidhani ni onyo la sumu, akavaa glavu.

Mama ndiye aliyenilazimisha nikuandikie barua niiweke ndani ya boksi la vichupa vitupu ninavyokurudishia. Anasema simu huko kwenu inakatika kila neno la tatu, na hata isipokatika, mnaongea kama watu wanaokimbia mvua. Kwa hiyo utaratibu ni huu: wewe unaandika, mimi napokea, halafu Jumapili nampigia Bukoba namsomea. Akikujibu naandika. Mimi karani wenu.

Bado naona aibu kukutuma. Kinamasi hicho ni cha utafiti wangu, na mimi ndiye niliyetakiwa kusimama hapo Finland na viatu vya mpira. Lakini Australia wamefunga mpaka, nikitoka sirudi, na shahada hii haitanisubiri. Wewe umeacha kibarua chako Helsinki ukaenda kukaa porini kwa ajili yangu. Sitasahau.

Narudia mambo mawili. La kwanza, ndoo zote kumi na mbili zifunikwe Jumatatu na Alhamisi, na hewa ivutwe kwa sindano mara nne, kila baada ya dakika kumi. La pili, na hili niliandike kwa herufi kubwa kama zako: USISHUKE KWENYE MBAO. Mboji hiyo ni majani yaliyooza nusu yakalala majini miaka elfu na zaidi, na methani imelala humo humo. Ukiikanyaga inatoka kwa mkupuo, na mimi huku mashine yangu itapima uzito wako badala ya pumzi ya ardhi. Watu wanataka kujua kaskazini ikipata joto itatoa kiasi gani. Tusiwape jibu la miguu ya Benjamin.

Mama anauliza unakula nini. Anakohoa kidogo, anasema ni vumbi la kufagia.

Dada yako,
Domina


Kibanda cha kinamasi, kaskazini mwa Finland
29 Juni 2021

Dada Domina,

Shikamoo. Sijashuka kwenye mbao. Nimeshuka mara moja tu, tena kwa kusukumwa na mbu, na hapo palikuwa mbali na ndoo. Mbu wa huku hawana adabu, wanaingia hadi kwenye chai.

Jua halizami. Napima, nakula, nalala, naamka, bado liko palepale, kama mgeni asiyejua kuaga. Wale watafiti wawili wa Kifini waliondoka baada ya mmoja wao kuugua korona, kwa hiyo nimebaki peke yangu. Mzee Arvo analeta chakula kila Alhamisi, anakiacha mwisho wa barabara na kunipungia mkono. Anajua maneno manne ya Kiingereza na mawili kati ya hayo ni ya hali ya hewa. Simu inashika juu ya mwamba mmoja tu, mwendo wa dakika arobaini. Nikifika huko nimechoka hata kusalimia.

Sehemu hii sasa msomee Mama polepole:

Mama, shikamoo. Nakula viazi, samaki na mkate mweusi mgumu. Ndizi hakuna. Kuna tunda dogo la manjano linaota kwenye matope, hutalipenda, ni chachu. Kinamasi cha huku kinafanana na kile cha kule chini tulikokuwa tunachota udongo wa kukandika jiko lako, ila hakina mafunjo. Mapovu yanapanda vilevile. Ukiniuliza nafanya kazi gani, naweka ndoo juu ya mapovu nayasubiri. Najua utacheka. Senene wa mwezi wa tano umeniwekea? Waweke kwenye kopo la siagi na uandike jina langu, nakujua kwa kugawa.

Na hicho kikohozi, Mama, nenda hospitali. Usiseme vumbi.

Ben


Merrylands, Sydney
22 Julai 2021

Ndugu Balagizi,

Hunijui. Namba yako nimepewa na ndugu yako Mirindi, jirani yangu hapa Merrylands, anayefanya kazi ghalani kule Seven Hills. Ameniambia unaishi Oulu, Finland, mwaka wa sita sasa.

Mama yetu amefariki Bukoba, Jumanne tarehe 13. Wanasema ni nimonia. Siku hizi kila mtu nyumbani anakufa kwa nimonia. Alizikwa Jumamosi.

Mdogo wangu Benjamin yuko kibandani kwenye kinamasi, saa nne kwa gari kutoka kwako, peke yake kabisa, na hajui. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa peke yake. Anatafutwa mtu mzima, anakwenda, anakaa naye, anamwambia polepole, na hamwachi mpaka amelia na kunywa uji. Baba Mkubwa wetu ameagiza hivyo: Benjamin asiambiwe mpaka apatikane wa kukaa naye. Mzee anayempelekea chakula ni Mfini, hawana lugha ya pamoja. Atamwambia nini, kwa ishara?

Nakuomba uende. Nauli nitatuma. Sina mtu mwingine wa Kiswahili katika nchi hiyo.

Mimi mwenyewe niliambiwa kwa simu nikiwa jikoni, na huku tuko kwenye lokidauni, hakuna kuingia nyumba ya mtu. Mirindi na mkewe Chibalonza walileta viti vya plastiki wakakaa upande wao wa uzio siku tatu, baada ya kazi, mimi upande wangu. Binti yao Ketsia aliniambia kwa Kiingereza, sorry about your mum, Aunty, akanipitishia chapati juu ya uzio. Hayo ndiyo yalikuwa matanga yangu. Sitaki ya Benjamin yawe chini ya hapo.

Domina


Merrylands, Sydney
25 Julai 2021

Mdogo wangu Ben,

Barua yako imefika na nimemsomea Mama. Amecheka sana kwa habari ya mbu kwenye chai. Anasema hongera, mwanangu, unafanya kazi nzuri, endelea na moyo huohuo, anajivunia. Senene wameisha, watoto wa Shangazi waliwamaliza, ila mwezi wa kumi na moja si mbali. Kikohozi kinaendelea vizuri. Amepumzika.

Nimejaribu kukupigia tangu wiki iliyopita hupatikani. Usihangaike kupanda mwambani kila mara, barua zinatosha.

Huku Merrylands tumefungiwa kuliko wenzetu wa ufukweni. Mwisho wa kutembea ni kilomita chache. Helikopta inazunguka juu ya paa inatuhesabu. Nina kibali cha kwenda maabara mara moja kwa wiki, nakaa na mashine peke yangu, naipenda kuliko binadamu kwa sasa.

Kula. Vaa soksi mbili. Mbao, Ben, mbao.

Domina


Kibanda cha kinamasi
16 Agosti 2021

Dada Domina,

Shikamoo. Simu yangu iliingia majini tarehe 16 ya mwezi uliopita, ndiyo maana hunipati. Iliteleza. Kule chini hakuna mwisho, nilipima kwa mti wa mita tatu sikugusa kitu. Mzee Arvo alitaka kuniletea nyingine nikamwambia asisumbuke.

Nimefurahi kupata salamu za Mama. Nimeisoma sehemu yake mara nyingi. Umwambie haya:

Mama, shikamoo. Asante kwa kunipongeza. Nimepata mahali pazuri hapa kinamasini, karibu na ndoo namba saba. Pametulia, kuna miti mitatu midogo, ndege hawapigi kelele hapo. Naenda kukaa kabla ya kazi na kukueleza siku yangu, kisha ndiyo naanza kupima. Jua limeanza kuzama sasa. Je, unalala vizuri? Kuna baridi huko ulipo? Kama kuna neno umesahau kuniambia, mwambie dada aliandike, hata kama ni la kunigombeza.

Dada, na wewe unakula? Usijifanye mgumu. Kama una jambo linakuelemea liweke chini.

Vichupa vyote arobaini na nane viko sawa kwa kila siku ya kupima. Vya namba saba nimevifunga kwa karatasi zaidi.

Ben


Oulu
21 Agosti 2021

Dada Domina, jambo,

Mimi ni Balagizi. Message yako nilipata, na Mirindi alinieleza mambo yote. Pole sana kwa kifo cha maman. Ningelikuwa nimekwisha kwenda ku ule mutoto, lakini Corona ilinishika, mimi na batoto bote. Nililala hospitali siku kumi na ine na oxygène. Sasa niko nyumba, nikipanda ngazi napumuzika katikati. Docteur alisema nisisafiri mpaka mwisho wa mwezi wa tisa.

Usitafute mutu mwingine. Kazi ya kupeleka habari ya kifo haipewe mutu wa njiani. Nitaenda mwenyewe. Makuta yako ya nauli usitume, ile utatumia mu matanga.

Courage, dada.

Balagizi


Merrylands, Sydney
12 Septemba 2021

Ben, Ben, Ben!

Kaa chini kabla hujasoma. Ndoo namba saba. Tangu nusu ya pili ya Julai inatoa methani mara tisa ya wenzake. Mara tisa! Nilidhani mashine imeharibika, nikarudia, nikarudia tena. Ndoo kumi na moja zinapumua kawaida, saba inatapika. Tena haipungui, kila Jumatatu na Alhamisi iko juu. Profesa aliinuka kwenye kiti chake, nilimwona kwenye kompyuta, nusu mwili ukapotea. Anasema huenda kuna mshipa wa gesi ya kale umefunguka chini ya hapo kwa sababu ya joto la mwaka huu, na kama ni kweli basi hesabu za kaskazini nzima ziko chini ya ukweli. Ameshaiandika kwenye ripoti ya kitivo, na nitaisoma kwenye mkutano wa Novemba.

Nakuomba uendelee hadi theluji. Usibadilishe kitu pale saba. Fanya kila kitu vilevile unavyofanya sasa.

Mama amefurahi mno. Nilimweleza kwa Kihaya maana methani kwa Kiswahili hakuielewa. Anasema mwambie Benjamin ameliinua jina la marehemu baba yake. Analala vizuri. Baridi hakuna.

Huku askari jeshi wanagonga milango kuhakikisha walioambukizwa wako ndani. Chibalonza anahudumia wazee kule Bankstown. Wiki hii amefunika shuka wazee wanne ambao watoto wao waliaga kupitia dirishani. Anarudi nyumbani anakaa kwenye gari nusu saa kabla ya kuingia. Kwa hiyo habari ya saba ndiyo furaha pekee katika mtaa huu.

Dada yako mwenye fahari,
Domina


Oulu
5 Oktoba 2021

Dada Domina,

Ninaandika yote kama nilivyoona, hata kama itakuumiza.

Nilifika siku ya posho, ile munaita Jumamosi, tarehe mbili. Bus, kisha ule muzee Arvo akanichukua na gari yake. Akanionyesha ile njia ya mbao na kidole, yeye akabakia. Nikatembea karibu nusu saa. Baridi ilikuwa imeanza, majani yote nyeupe. Nikamuona kwa mbali amekaa chini, haiko juu ya mbao, amekaa mu matope yenyewe, miguu mu maji. Pembeni ya ndoo moja ya plastiki, nambari saba.

Kuona mutu mweusi kama mimi katika ile pori, mu vazi ya kanisa, ungesema atashituka. Hakushituka. Aliniangalia tu mpaka nikafika karibu, akasema, «Umekuja kuniambia.» Nikajibu, «Ndiyo, ndugu yangu.» Akasema, «Basi niambie.» Nikamwambia: maman yako alikufa tarehe kumi na tatu ya mwezi wa saba. Hapo njo akaanza kulia. Dada, mimi nimeona vita ya Kivu, nimesikia batu wakilia. Ile ilikuwa kilio ya mutu aliyeishika muda mrefu mu kifua. Nilikaa naye mu matope, nikamushika mabega, nikamwambia nyamaza, nyamaza, kama inavyofanyika.

Alikuwa anajua. Tangu zamani alikuwa anajua. Pale pa ndoo alichimba kaburi na mikono yake, urefu wa mutu, ndani hamuna kitu, na juu ameweka musalaba ya matawi. Mu nyumba nilikuta vikombe mbili ku meza, kimoja kimefunikwa. Akasema kila posho anakiosha na kukiweka, kwa sababu alijua nyumbani watatuma mutu, na mutu akifika apate chai.

Amekonda sana. Vidole mbili vya muguu wa kushoto vilikuwa vimekufa juu ya kukaa mu maji na baridi. Nilimuleta Oulu siku ileile. Jana docteur alivikata. Sasa amelala mu chumba ya batoto bangu. Anakula bugali kidogo.

Balagizi


Oulu, nyumbani kwa kaka Balagizi
10 Oktoba 2021

Dada Domina,

Shikamoo. Naandika nimelala, utanisamehe mwandiko.

Tarehe 16 Julai nilipanda mwambani kuwapigia. Kabla sijapiga, ujumbe wa Mwangi ukaingia, yule Mkenya tuliyekaa naye chumba kimoja Helsinki. Alikuwa ameona picha ya Mama kwenye ukurasa wa binamu yetu, ina maua pembeni. Aliandika: «Pole sana bro, nimeskia mathe ameenda. Mazishi ni kesho ama?» Nilirudi mpaka kwenye dimbwi la namba saba nikaitupa simu. Haikuteleza.

Sikukukasirikia hata siku moja. Desturi naijua. Nilijua mmekubaliana mtafute mtu kwanza, na nilijua unateseka kumpata. Nikasema basi nitasubiri aje. Nilitaka kulia nikashindwa. Kulia bila mtu wa kukuambia nyamaza ni kazi ngumu, nilijaribu, sauti haikutoka. Nikachimba pale saba kwa sababu mboji yake ni laini na miti ile mitatu ilinipendeza. Siku yenu ya mazishi nilitupa udongo. Nilitupa mikono miwili, mmoja wangu na mmoja wako, maana na wewe hukuwepo.

Kila Jumatatu na Alhamisi nilikaa hapo nikiongea na Mama, kisha nafunika ndoo. Kwa hiyo mshipa wa gesi wa kale ni mimi, dada. Ni miguu ya Benjamin, kama ulivyoogopa. Barua yako ya Septemba ilipofika nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa na furaha na ilikuwa furaha ya kwanza tangu Julai. Na uliandika nifanye vilevile ninavyofanya. Nikafanya.

Majibu ya Mama nilijua ni yako. Mama hajawahi kunipongeza maisha yake yote, angeniuliza kwa nini ni ndoo kumi na mbili na si ishirini. Lakini niliyasoma kila asubuhi. Asante kwa kuyaandika.

Mwambie Profesa mapema, kabla ya mkutano. Nisamehe kwa shahada yako.

Nikipona naenda nyumbani.

Ben


Merrylands, Sydney
7 Novemba 2021

Ben,

Nimemwambia Profesa. Saba imefutwa. Ndoo kumi na moja zilizobaki ni nzima ila hazisemi jipya, na kwenye ripoti ya kitivo wameweka mstari mmoja wa kusahihisha, ukiusoma haraka huuoni. Wameniongezea mwaka. Hilo si kitu, na usiniombe tena msamaha, maana kila neno lako la msamaha linanichoma.

Kuna jambo nililolificha, na si lile ulilonisamehe.

Mama aliugua siku sita. Jumatatu tarehe 12 alinipigia mwenyewe, anavuta pumzi katikati ya kila neno. Alisema: «Mwambie Benjamin aache hayo matope, aje.» Hakusema zaidi. Nilikuwa natazama orodha ya tarehe za kupima iliyobandikwa kwenye friji yangu. Nikamwambia, ndiyo Mama, nitamwambia. Sikukupigia.

Kesho yake akafa. Baba Mkubwa alinipigia alfajiri ya kwao. Alisema, mtafute Benjamin apande ndege, tutamweka mama yenu mochwari mpaka Jumamosi, na ikibidi hata Jumatatu, azikwe mtoto wake wa kiume akiwepo. Mimi ndiye niliyefungiwa, Ben. Wewe hukufungiwa. Kutoka Helsinki ndege zilikuwepo, nilizitazama, ya Jumatano na ya Alhamisi, kupitia Doha. Na simu yako ilikuwa bado inashika. Nilijua ukienda hutarudi msimu huu, na bila Julai na Agosti sina utafiti. Nikamjibu Baba Mkubwa kwamba hupatikani na mipaka yote imefungwa. Ndipo aliposema, basi asiambiwe akiwa peke yake. Ile desturi uliyoniheshimu kwayo niliikuta njiani, nikajifunika nayo. Balagizi nilikutafutia kwa moyo wangu wote, hilo ni kweli, lakini nilianza kumtafuta baada ya Mama kuzikwa.

Kila Jumapili, saa ileile niliyokuwa nampigia, nilikaa mezani nikatunga maneno yake. Nilimfanya akupongeze kwa sababu nilitaka uendelee kuchota hewa. Na ulipoandika kwamba unakwenda kukaa karibu na namba saba, nilisoma, nikaona idadi ya vichupa, nikageuza ukurasa.

Mpaka umefunguliwa wiki hii. Watu wanakumbatiana uwanja wa ndege, wanaonyeshwa kwenye televisheni. Mirindi ananiuliza nitaenda lini nyumbani. Namjibu bado.

Vidole vyako viwili naviota.

Niandikie chochote.

Domina


Bukoba
12 Desemba 2021

Dada Domina,

Nimefika wiki iliyopita. Natembea kwa fimbo, watoto wa Shangazi wananiigiza.

Kopo la siagi lilikuwepo kabatini, limejaa senene wa mwezi wa tano, wamekaangwa na chumvi. Lina jina langu kwa mwandiko wake. Hakuna aliyewagusa.

Jana Baba Mkubwa aliniuliza mbele ya ukoo mzima: dada yako alituambia hukupatikana na mipaka yote ilikuwa imefungwa, ni kweli? Nilisema ni kweli. Nimelisema mara moja na sitalirudia, kwa hiyo ukiulizwa na wewe sema hivyohivyo.

Kaburi liko mgombani, upande wa jikoni. Limeota majani, nimeyang'oa. Walikuwa wameniwekea udongo pembeni, wanasema ni haki yangu kutupa hata kama nimechelewa. Shangazi akanikumbusha nitupe na kwa niaba yako, kama kawaida ya mtoto aliye mbali.

Nilitupa mkono mmoja. Wa kwako utakuja kuutupa mwenyewe.

Benjamin